Bei Haina Sura, Muuzaji Anayo

Mtu yeyote aliyewahi kutembeza vitenge Kampala anayajua maneno matatu ya mteja. La kwanza: "Bei iko juu." La pili: "Jana mwenzako alinipa kwa nusu." La tatu linakuja ukikataa kushuka, na ndilo linaloumiza: "Ninyi wageni mmekuja kutuibia." Yale mawili ya kwanza ni ya soko tu, kila soko duniani linayo. Lile la tatu lina historia yake, na historia hiyo ni ndefu kuliko umri wangu, ni ndefu pia kuliko miaka ambayo sisi Wakongomani tumekaa Nsambya, Katwe na Makindye.

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa mjini. Karibu wote wanauza kitu au wanamwuzia mtu: vitenge, hereni, viatu, chapati, kusuka nywele, kushona. Tukikaa pamoja tunaanza na habari za mpira, tunaishia kwa wateja. Kuna mteja aliyechukua kwa deni halafu akabadilisha namba ya simu. Kuna mteja aliyefungua vitenge kumi na viwili, akavishika vyote, akasema "nitarudi", na mpaka leo anarudi. Kuna tajiri wa saluni anayelipa nusu ya mliyopatana, kisha anakuuliza, "Kwani utanishtaki wapi?" Malalamiko haya nimeyasikia mpaka nikaanza kujiuliza: kabla yetu, ni nani aliwahi kusimama hapa tunaposimama, nyuma ya meza, akitazamwa hivi? Nikaanza kusoma na kuuliza wazee. Nilichokikuta nakiandika hapa, kwa ajili ya vijana wenzangu na kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika wanaotufundisha biashara.

Kwa kifupi ni hivi. Bei inapouma, hasira ya mji huu hutafuta mtu wa karibu, na mtu wa karibu ni yule aliyesimama mezani. Mara kadhaa mtu huyo ameondolewa. Ukali wa maisha haukuondoka naye.

Maneno yaliyokuja na mizigo

Tuanze na maneno, maana soko la Kampala linasema Kiswahili bila kujua. Mganda akitaka bei anasema bbeeyi. Duka lake ni dduuka. Kuchuuza barabarani ni okutembeeya, na wachuuzi ni abatembeeyi, kutokana na neno letu kutembea. Kile kidogo ambacho mteja anaomba juu ya alichonunua, sisi huko kwetu tunakiita matabisi. Hapa wanakiita nnyongeza. Pesa yenyewe ni ensimbi, yaani kauri, zile kombe ndogo za baharini zilizotumika kununulia vitu kabla ya rupia na shilingi. Uganda haina bahari. Basi hata jina la pesa lilifika likiwa limebebwa.

Waliolibeba walikuwa watu wa misafara kutoka pwani. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna. Yeye na waliomfuata walileta nguo za pamba katika nchi ambapo watu walivaa lubugo, nguo inayopondwa kutoka gome la mti wa mutuba. Nguo iliyopendwa sana ni merikani, iliyofumwa Marekani na kupitia Zanzibar. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa kwanza kutembeza nguo za pamba katika vilima hivi walikuwemo wageni wa njia ya Kiswahili. Dada zetu wa vitenge wana mababu wa kazi hapa kuliko wanavyofikiri.

Lakini tusijisifu haraka. Kwa nguo ile wafanyabiashara walichukua pembe za ndovu, na walichukua watu pia. Muuzaji mgeni hakuanza katika nchi hii akiwa na mikono safi. Hilo tuliseme kwanza, ndipo tulalamike.

Mhindi wa dukani na gavana wa Entebbe

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka ziwa kwa meli. Wafanyabiashara Wahindi walifuata njia hiyo, na wengine walikuwa wameitangulia. Anayejulikana zaidi ni Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo kama kijana na kufikia kuwa na maduka Kampala na katika miji mingi ya Uganda kabla ya kufa mwaka 1916. Pole pole duka la Mhindi likawa sehemu ya maisha ya kijiji: chumvi, mafuta ya taa, sindano, jembe, shuka. Mkulima aliuza pamba, na pesa ileile ikarudi dukani.

Sasa uliza: nani alipanga bei? Mkulima Mwafrika alilima pamba, ila viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Bei ya kuinunua ilipangwa na serikali ya kikoloni, na sehemu ya pesa ya pamba na kahawa ilibakizwa kwenye mifuko ya serikali. Aprili 1949 ghasia zilizuka Buganda. Kati ya madai ya watu, wakiwa pamoja na chama cha Bataka na umoja wa wakulima wa Ignatius Musazi, lilikuwemo hili: turuhusiwe kuchambua pamba yetu wenyewe na kuiuza wenyewe. Dai hilo lilikuwa la haki. Watu waliona kazi yao inapita mkononi mwao na kunenepesha wengine.

Shida ni kwamba gavana alikaa Entebbe. Hakuna mtu aliyekutana naye akienda kununua chumvi. Mwenye duka walikutana naye kila siku, walijua mke wake na watoto wake, walijua anavyopima sukari na anavyokataa kukopesha. Sheria ilikuwa karatasi mbali huko. Duka lilikuwa na mlango.

Mwaka 1959 hasira hiyo ilipata mpango. Chama kilichoitwa Uganda National Movement, na kiongozi wake Augustine Kamya, kilitangaza mgomo wa wateja: usinunue kwenye duka lisilo la Mwafrika, usinywe bia yao, usipande basi lao. Nadhani huo ndio mgomo mkubwa zaidi wa wateja katika historia ya mji huu. Ulikuwa na nguvu kweli. Huko vijijini wafanyabiashara wengi wa Kihindi walifunga na kukimbilia mijini. Nafasi ile baadhi ya Waganda waliitumia kufungua maduka yao. Ila mgomo ulikuwa na upande mwingine. Mtu aliyeonekana akinunua kwa Mhindi alitishwa, nyumba za wengine zilichomwa, migomba na mibuni ya wengine ilikatwa. Serikali ilikipiga marufuku chama Mei 1959 na kuwapeleka viongozi mbali. Mwaka uliofuata mgomo ulikuwa umechoka.

Waza kuhusu yule mama wa kijijini mwaka ule. Duka la karibu limefungwa, chumvi iko mbali, na akiinunua kwa mtu asiyetakiwa anaogopa kurudi nyumbani. Mgomo ulifanywa kwa jina lake.

Sitini na tisa, sabini, sabini na mbili

Uhuru ulipofika mwaka 1962, bei na hasira vilibaki. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilileta sheria ya leseni za biashara iliyombana asiye raia: sehemu fulani asifanye biashara, bidhaa fulani asiuze bila ruhusa. Mwaka 1970 ikaja zamu ya wafanyakazi. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, waliondoka Uganda baada ya serikali kuamua kwamba kazi hizo ni za wananchi. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa makuli, wapishi, watu wa reli na wa mashamba. Watu wengi wakisimulia historia wanaruka hapo na kwenda moja kwa moja kwa Amin. Mimi naona tusiruke, kwa sababu sisi tunafanana zaidi na wale wapishi kuliko na wenye viwanda.

Halafu Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke katika siku 90. Watu zaidi ya 50,000 walitoka, wengine wakiwa na uraia wa Uganda mfukoni. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada na kwingineko. Biashara na mashamba zaidi ya 5,000 viligawiwa. Amin aliita jambo hilo vita vya uchumi, na wengi walishangilia. Tuwe wa kweli: ukiwa umedharauliwa dukani tangu utoto, siku duka linapofungwa unaweza kushangilia.

Nani alipewa maduka? Mengi yalikwenda kwa askari na watu wa karibu yao. Wananchi waliwabatiza jina la Kiswahili, mafuta mingi. Wazee wanasimulia, na labda wameongeza chumvi, kwamba mwenye duka mpya hakujua bei ya shati, basi akasoma namba ya shingo. Shati la 15 likauzwa shilingi 15, la 16 shilingi 16. Mali iliyokuwa kwenye rafu ilipoisha, hakujua ilikuwa inaagizwa wapi wala kwa mkopo wa nani.

Sukari inaeleza yote. Karibu mwaka 1970 Uganda ilikuwa ikitengeneza zaidi ya tani 140,000 kwa mwaka, hasa katika viwanda vya Kakira na Lugazi. Kufikia mwaka 1980 viwanda hivyo vilikuwa karibu vimesimama. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya foleni, vya kujuana na askari, au vya magendo. Magendo nalo ni neno letu la Kiswahili. Mwaka 1975 serikali iliunda mahakama ya makosa ya uchumi, yenye adhabu kali hadi kifo kwa waliosemekana kuficha bidhaa, kuzidisha bei au kuvusha mali kwa siri. Angalia jinsi kidole kilivyohama. Mhindi hakuwepo tena, lakini sabuni bado ilikuwa ghali, basi mwizi mpya akatafutwa: yule mwenye kiroba cha sukari chini ya kitanda. Na Aprili 1979, Kampala ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa nao, watu wa mji walivunja maduka ya mafuta mingi na kubeba vilivyobaki. Miaka saba haikutimia, na maduka yaleyale yalikuwa yamechukiwa mara mbili.

Sukari ilirudi lini? Ilirudi viwanda vilipotengenezwa upya. Sheria ya kurudisha mali za Waasia ilipitishwa mwaka 1982, familia ya Madhvani ikarejea Kakira katika miaka hiyo ya 1980, na kazi ya kurudisha majengo iliendelea hadi miaka ya 1990. Hakuna aliyeshusha bei ya sukari kwa kumpiga muuzaji.

Lugha yetu kwenye meza

Kuna jambo moja ambalo vijana wetu hawalijui, na wafanyakazi wa mashirika kutoka nje hawalijui kabisa. Kijana anasema: "Nikiongea Kiswahili na mteja, uso wake unafunga." Anafikiri ni dharau kwa Wakongomani. Kwa sehemu ni kweli. Lakini muulize Mganda wa miaka sabini alikisikia wapi Kiswahili akiwa kijana. Alikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, kwa askari mwenye bunduki. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na hilo halikukisaidia. Watu wakakiweka moyoni pamoja na magendo na mafuta mingi, kama lugha ya kuporwa.

Mambo yamebadilika kwenye karatasi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Watoto wa mji wanakijua kidogo kutoka nyimbo na simu. Lakini mteja mzee hanunui kwa katiba. Kwa hiyo nawaambia vijana: mkaribishe kwa Kiganda, "nnyabo, ssebo", hata kama unakivunja. Ni heshima, na pia unamwambia kwamba wewe si askari wa kizuizini.

Zamu yetu

Wakimbizi si wageni wapya Uganda. Wapoland walikaa Nyabyeya na Koja wakati wa vita vya pili vya dunia. Nakivale inapokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950. Sheria ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi akae alipopangiwa. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 iligeuza mambo: ilitupa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Kwa sababu hiyo mama wa Bukavu anaweza kuuza kitenge Kabalagala bila kuvunja sheria ya ukimbizi. Nchi nyingi zinazotupigia makofi mikutanoni hazijatoa hilo kwa watu wao wenyewe wanaokimbilia kwao.

Na hatuli bure. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba Kampala mkimbizi mmoja kati ya watano, asilimia 21, alikuwa na biashara iliyoajiri mtu mwingine, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Walionyesha pia jambo ambalo kila dada wa vitenge anajua: sehemu kubwa ya mali yetu tunainunua kwa wafanyabiashara wa jumla Waganda. Kitenge "cha Congo" mara nyingi kimefumwa China na kimelala usiku wa jana Kikuubo. Mteja anataka kiitwe cha Congo, kwa sababu anaamini mama Mkongomani anajua vitenge. Anataka kiwe original, na anatoa bei ya feki. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, katikati ya matakwa hayo mawili.

Lakini haki ya kazi kwenye sheria ya wakimbizi ni jambo moja, barabara ni jambo jingine. Tangu KCCA ichukue mji mwaka 2011, wachuuzi wa barabarani wamekuwa wakiondolewa, wanarudi, wanaondolewa tena. Januari 2022 operesheni kubwa ilisafisha barabara za katikati ya mji, meza na vibanda vikaondoka. Walioondolewa hapo wengi wao walikuwa Waganda, watu wa kuzaliwa hapahapa, abatembeeyi wenye kitambulisho cha taifa. Nataka vijana wetu wakumbuke hilo kila wanapofikiri kwamba shida ni pasi tu. Mwaka uleule mche wa sabuni na mafuta ya kupikia vilipanda bei mpaka watu wakawa wanaviongelea kanisani. Na mwaka 2011, bei zilipopanda sana, watu waliandamana kwa kutembea kwa miguu kwenda kazini. Mwenyeji na mgeni walikuwa wanauza bei ileile mbaya, wakisikia matusi yanayofanana.

Na sisi je? Ndugu zangu wa Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, nisikilizeni bila kukasirika. Siku pesa ya chakula inapoingia, unga unapanda. Nani analaumiwa? Kama mwenye duka ni Msomali, Wasomali. Kama ni Munyarwanda, Wanyarwanda. Kama ni mwenyeji, "hawa wenyeji". Lakini Aprili 2020 mgao ulipunguzwa asilimia 30, na Februari 2021 ukafikia kupunguzwa asilimia 40, na uamuzi huo haukufanywa na mwenye duka yeyote. Wateja wake waliishiwa, na yeye akabaki na deni kwa tajiri wa mjini. Tunayotendewa Kampala tunayatenda kambini, kwa sauti ileile na karibu maneno yaleyale.

Hesabu ya kitenge kimoja

Katika kikundi chetu tumeanza zoezi moja la karatasi. Kila kijana anaandika bei yake imekwenda wapi. Tuseme dada amenunua vitenge vinne Kikuubo kwa 30,000 kila kimoja. Hiyo ni 120,000. Taksi kwenda na kurudi 4,000. Makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu 2,000. Anatembea siku mbili kabla havijaisha; chakula cha njiani 3,000 kwa siku, yaani 6,000. Jumla 132,000, na kila kitenge kimemgharimu 33,000. Mteja anasema:

"Mama, punguza, niko kasitoma yako. Chukua 32,000."

"Hapana, dada, nitakula hasara."

"Hasara gani? Ninyi munakunywa pesa yetu."

Akikubali, amepoteza 1,000 kwa kila kimoja. Akivumilia hadi 35,000 kwa vyote vinne, anabaki na 8,000 kwa siku mbili. Shilingi 4,000 kwa siku, kabla ya kodi ya nyumba. Sasa ndani ya ile 30,000 ya Kikuubo kuna ushuru wa kuingiza mali, kuna VAT ya asilimia 18, kuna meli, kuna lori kutoka Mombasa na mafuta yake, kuna dola. Hao wote hawapo wakati mteja anapiga kelele. Yupo dada.

Zoezi hili halimalizi matusi. Limefanya mambo mawili tu. Kijana aliyekuwa anapunguza kwa woga sasa anajua mahali pa kusimama, na anaweza kumwambia mteja kwa upole, "Nimeinunua hivi, nimepanda taksi hivi, nabaki na hiki." Wateja wengine wanaondoka. Wengine, hasa akina mama wanaouza nyanya na wanaojua hesabu hiyo kutoka upande wao, wanacheka, wanalipa, wanaomba nnyongeza. Jambo la pili ni kwamba vijana walewale, wakienda kununua unga, wameanza kumwuliza mwenye duka naye ameupata kwa ngapi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi. Mafunzo yenu ya ujasiriamali tunayashukuru, vyeti tunavyo. Mnafundisha kuweka akiba, kutabasamu kwa mteja, kuandika daftari la mauzo. Ongezeni siku moja ya mambo haya: leseni ya biashara inaombwa wapi na ni ya pesa ngapi, ni barabara gani hairuhusiwi kuuza, mchuuzi akichukuliwa mali yake ana haki gani, na nani katika mtaa anaongea kwa niaba ya wauzaji. Msitufungie katika vikundi vya wakimbizi peke yetu. Mkitoa mtaji wa meza kumi, Waganda watano wawemo, maana siku ya kuondolewa tutabebwa kwenye gari moja. Na mkipunguza mgao kambini, waiteni wenye maduka nao kwenye mkutano wa kutangaza, muwaeleze mbele ya wateja wao kwamba uamuzi umetoka kwenu.

Kwa vijana wenzangu: mteja akikwambia ninyi wageni mmekuja kutuibia, usimjibu kwa tusi. Ana mama yake aliyepanga foleni ya sukari, ana babu yake aliyelima pamba kwa bei ya mtu mwingine. Mwonyeshe karatasi yako. Akikataa kuisoma, kunja kitenge chako vizuri, mwambie asante nnyabo, uende mlango unaofuata.